Takataka Zisichanganywe

Ndugu msomaji, kijijini kwako ganda la ndizi halimsumbui mtu. Hutupwa nyuma ya nyumba. Mbuzi hulila, au huoza chini ya mgomba. Majivu ya jikoni hupelekwa shambani. Gunia lililochakaa hushonwa kiraka, na likishindikana hutandikwa mlangoni. Hakuna lori linalokuja kuchukua takataka zako.

Mjini mambo ni mengine. Lakini usiseme kwamba takataka za mjini ni shauri la watu wa mjini. Nyingi zilitoka shambani kwako.

Fikiri juu ya mkungu wa ndizi uliokatwa Tukuyu, katika wilaya ya Rungwe. Mkungu huo hupakiwa kwenye lori, ukafunikwa majani ya mgomba usichubuke. Husafiri zaidi ya kilomita 800 mpaka Dar es Salaam. Pale soko la Mabibo hushushwa na kuuzwa. Majani yaliyofunikia hubaki chini. Kikonyo cha mkungu hubaki. Ndizi zilizopondeka hubaki. Baadaye maganda nayo hutupwa. Kabichi za Lushoto nazo huchambuliwa sokoni, na majani ya nje hurundikwa pembeni. Viazi vya Njombe vilivyooza safarini hutolewa kwenye gunia na kumwagwa.

Vitu vyote hivi vimebeba chakula cha mimea kutoka kwenye udongo wenu. Mgomba, kwa mfano, huchota potasiamu nyingi ardhini na kuiweka katika mkungu na majani. Kwa hiyo ukiona lori la ndizi linaondoka kijijini, jua kwamba sehemu ya udongo wenu nayo inaondoka.

Je, sehemu hiyo huishia wapi? Nyingi huishia katika jalala la jiji, pale Pugu Kinyamwezi, kama kilomita 30 kutoka katikati ya jiji. Huko majani ya ndizi hulala pamoja na nepi za watoto, vioo vilivyovunjika, betri za redio na mifuko. Yakifunikwa na mzigo mwingine huoza bila kupata hewa. Hutoa gesi inayoweza kushika moto. Chini yake hutoka maji meusi yenye harufu mbaya.

Sasa tazama upande wa pili. Katika jiji hilo hilo wako watu wengi wanaoishi kwa kulima mboga. Wanalima mabondeni, chini ya nyaya kubwa za umeme, kandokando ya barabara na katika viwanja ambavyo wenyewe hawajajenga. Hulima mchicha, matembele, kisamvu, majani ya maboga na bamia. Mchicha hukomaa haraka. Ukipandwa leo, baada ya wiki tatu au nne unang'olewa na kuuzwa, na tuta linapandwa tena. Tuta moja huweza kuvunwa mara nyingi kwa mwaka. Udongo gani utavumilia kuvunwa hivyo bila kulishwa? Hakuna. Na udongo wa Dar es Salaam, sehemu nyingi, ni mchanga usioshika maji wala mbolea.

Basi mkulima huyo wa mjini huenda dukani kununua mbolea kwa fedha taslimu, na chakula cha mimea kinapita mbele yake juu ya lori la takataka. Mimi naona jambo hili ni hasara kubwa kwa taifa. Wengi wakisikia hivyo hulaumu uvivu, au uchafu wa watu wa mjini. Sikubaliani nao. Wafagiaji wa soko hawalali. Sababu ya hasara hii ni kwamba tunachanganya. Jani la kabichi likiwa peke yake ni mbolea. Jani hilo hilo likiwekwa katika pipa moja na betri na kioo, basi yote matatu yamekuwa takataka. Kuyatenganisha baadaye ni kazi ngumu na ya hatari, na mara nyingi haifanyiki.

Wapo wakulima waliokwisha kuona kwamba takataka zina mbolea. Wakafanya haraka. Walikwenda kwenye majalala ya zamani, wakachimba ule udongo mweusi, wakaupeleka bustanini kwa toroli. Kwa macho ni udongo mzuri sana. Mchicha hustawi juu yake, majani yakawa mapana na ya kijani. Hapo ndipo pana hatari, na ningependa tukae kidogo juu ya jambo hili.

Ndani ya takataka za mjini mna risasi. Sisemi risasi ya bunduki, ila yale madini yenyewe yanayoitwa risasi. Hayo ndiyo yaliyomo ndani ya betri za magari. Yamo pia katika rangi nyingi za zamani za kupaka nyumba na vyuma. Madini haya hayaozi. Ukiyaweka kwenye tuta leo, mjukuu wako atayakuta. Mimea huyanyonya, na vumbi lake hukaa juu ya majani. Vumbi la juu unaweza kuliosha kwa maji safi. Yaliyokwisha kuingia ndani ya jani huwezi kuyaosha wala kuyapika yakaisha.

Mwaka 1999 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walichapisha matokeo ya kupima mboga zilizolimwa kandokando ya mito ya Sinza na Msimbazi. Ndani ya mboga hizo walikuta madini, pamoja na risasi na kadimi. Mito hiyo hupokea maji machafu ya viwandani, ya gereji na ya majumbani. Na Shirika la Afya Duniani linasema kwamba hakuna kiasi cha risasi kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto. Mtoto haumwi tumbo siku ile ile ili mama yake ajue. Hukua akiwa mzito wa kujifunza, na hakuna atakayelikumbuka fungu la mchicha.

Kwa hiyo ninapokuambia kwamba takataka ni mali, sikuambii uchukue kila takataka. Udongo wa jalala usiutie bustanini, hata ukipewa bure, hata ukiona jirani anautumia. Chukua takataka ambazo hazijakutana na betri, rangi, oili wala majivu ya plastiki iliyochomwa. Mahali pa kuzipata ni pale zinapoanzia: chini ya meza ya muuza kabichi, mbele ya mashine ya kukamua miwa, kwa seremala, kwa mfuga kuku, kwa mama anayeuza chakula.

Ukizipata, zioze kwa mpango. Tengeneza biwi, yaani lundo la kuozesha. Biwi dogo sana halipati joto. Lisipungue mita moja kwenda juu na mita moja kila upande. Weka kwanza vijiti na mabua ili hewa ipite chini. Juu yake weka vitu vikavu: majani makavu, nyasi, makapi ya miwa, maboksi yaliyochanwa vipande. Kisha weka vitu vibichi: majani ya kabichi, maganda, mboga zilizooza, samadi. Kwa ndoo moja ya vitu vibichi weka ndoo mbili au tatu za vitu vikavu. Watu wengi hukosea hapa. Hurundika vibichi vitupu, biwi linatoa maji na kunuka, inzi wanajaa, majirani wanakuja juu. Halafu husema mboji ni uchafu. Biwi lenye vikavu vya kutosha halinuki vibaya.

Vumbi la mbao lina shauri lake. Likiwa jingi huchukua naitrojeni ya mimea wakati wa kuoza, na mchicha wako utakuwa wa njano. Litie kidogo, na uchanganye na samadi ya kuku. Samadi ya kuku nayo usiipeleke mbichi kwenye miche, maana itaiunguza. Vifuu vya madafu huchukua muda mrefu mno kuoza. Heri vipangwe kando ya tuta kuzuia udongo usikokwe na mvua.

Nyunyizia maji mpaka biwi liwe na unyevu kama kitambaa kilichokamuliwa. Baada ya siku chache chomeka fimbo katikati. Iache kidogo, kisha ivute uishike. Ikiwa moto kiasi cha kukufanya uiachie, kazi inakwenda vizuri. Joto hilo hufika nyuzi 55 hadi 65, na huua mbegu nyingi za magugu na vijidudu vingi vya maradhi. Ikiwa baridi na kavu, ongeza maji. Ikiwa baridi na inanuka, ongeza vikavu na uligeuze. Ligeuze kila baada ya wiki mbili hivi, vya nje viingie ndani. Baada ya miezi miwili au mitatu utakuta udongo mweusi unaonukia kama msitu baada ya mvua. Usishangae ukiuona umepungua sana kuliko ulivyoanza. Kitu kibichi huwa maji sehemu kubwa.

Nyama, mafuta na kinyesi cha mbwa na paka usitie kabisa.

Sasa nisikie anayepinga, maana anayo hoja. Anasema hivi: "Mimi mchicha wangu ni wa wiki tatu. Mboji ni ya miezi mitatu. Na kiwanja si changu. Kesho mwenye kiwanja anaweza kuleta mawe na saruji. Kwa nini nirutubishe udongo wa mtu mwingine?"

Hoja ya miezi mitatu ni nyepesi. Anza biwi moja mwezi huu, jingine mwezi ujao, jingine mwezi wa tatu. Kutoka hapo kila mwezi unavuna moja. Hoja ya kiwanja ni nzito zaidi, na wanaowahimiza wakulima wa mjini mara nyingi huiruka. Mtu asiye na uhakika wa ardhi hufanya mambo ya haraka, na ana akili kufanya hivyo. Lakini angalia: mboji hubebeka. Ukifukuzwa unaitia kwenye magunia na kuondoka nayo. Tena unaweza kuiuza kwa wanaootesha maua na miche ya miti kandokando ya barabara. Hao wanahitaji udongo mzuri kila siku, na wengi huununua.

Wapo pia wanaosema kwamba ukiwa na mboji hutahitaji mbolea ya dukani kabisa. Hao nao wasikudanganye. Mfuko wa kilo 50 wa urea una kilo 23 za naitrojeni. Kilo 50 za mboji nzuri iliyokauka huwa na nusu kilo hadi kilo moja tu. Ukitaka kulingana na urea utahitaji mzigo wa mkokoteni mara nyingi. Kazi ya mboji ni nyingine zaidi: hufanya mchanga ushike maji, hufanya mbolea isizame chini na maji, huwapa chakula viumbe wadogo wa ardhini. Mkulima mwenye mboji huweza kupunguza urea na kupunguza ndoo za kumwagilia. Kwa mtu anayebeba maji kichwani, au anayelipia kila ndoo, hilo si jambo dogo. Bei ya mbolea ilipopanda sana mwaka 2021 na 2022, hata Serikali ikalazimika kutoa ruzuku mwaka 2022, aliyekuwa na biwi nyuma ya bustani alikuwa na pa kushika.

Kuhusu viriba nitasema kwa kifupi. Tarehe 1 Juni 2019 Serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa. Vifungashio vya kilimo viliachwa, ndiyo maana miche bado huuzwa katika viriba. Ruhusa hiyo si ruhusa ya kuviacha ardhini. Mnunuzi akipanda mche pamoja na kiriba, mizizi hujizungusha ndani na mti hudumaa. Muuza miche mwenye akili angemwambia mteja: nirudishie viriba vyangu vizima, nitakupunguzia bei safari ijayo. Kiriba kikitolewa taratibu hutumika tena. Chupa tupu za maji ni vizuri uwaachie waokota makopo, maana huziuza kwa kilo na ndicho chakula chao. Lakini chupa ya dawa ya wadudu usimpe mtu yeyote, wala usioteshe mche ndani yake, wala usichotee maji. Isuuze mara tatu, maji ya kusuuzia uyamimine ndani ya bomba la kupulizia, halafu itoboe.

Turudi sokoni, kwa sababu mkulima peke yake hawezi kumaliza kazi hii. Ni nani atakayetenganisha jani la kabichi na mfuko wa plastiki? Ni yule anayefagia, na mara nyingi ni mwanamke anayeamka kabla ya jua. Wenye bustani wengi hutaka takataka za bure, tena zilizochambuliwa. Mimi naona hawana haki hiyo. Kama takataka ni mali, basi aliyeichambua alipwe. Shilingi chache kwa kila tenga la majani safi zitafanya kazi kuliko mabango ya usafi. Zikipatikana betri ndani ya tenga, lirudishwe bila malipo. Baada ya siku chache betri hazitaonekana.

Na halmashauri nayo ina sehemu yake. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeweka taka ngumu mikononi mwa serikali za mitaa. Zamani jibu lilikuwa kutafuta shimo jipya. Jiji la Dar es Salaam lilitupa takataka Tabata. Wakazi wakaenda Mahakama Kuu mwaka 1988, nayo ikakubaliana nao. Jiji likapeleka takataka Kunduchi Mtongani. Wakazi wa huko nao wakaenda mahakamani, na mwaka 1991 Mahakama Kuu ikawapa haki. Baadaye zikapelekwa kwingine, na kwingine tena. Kila mara jalala linasogea mbali, lori linakula mafuta zaidi, na ada inapanda. Wakati huo huo mzigo mkubwa juu ya lori ni vitu vinavyooza, ambavyo vingeweza kuishia mtaa wa pili. Kila soko lingetengewa kona moja yenye sakafu na paa, kwa majani tu. Halmashauri isilipe mwenye lori kwa hesabu ya safari peke yake. Anayelipwa kwa safari hatataka safari zipungue.

Huenda unasema, haya yote ni ya Dar es Salaam. Hapana, ndugu msomaji. Angalia Makambako, Himo au Kibaigwa. Nyingine kati ya hizi zilikuwa sehemu ndogo za kupumzikia wasafiri au za kuuzia mazao, na leo zina maduka, gereji na nyumba za kulala wageni. Huenda senta yenu nayo inakua hivyo. Siku ile gereji ya kwanza inapofunguliwa karibu na gulio, betri na majani ya kabichi huanza kukutana katika shimo moja. Ninyi bado mna nafasi ambayo Dar es Salaam haina tena: mnaweza kuchimba mashimo mawili tangu mwanzo, moja la vitu vinavyooza, jingine la visivyooza. Kazi ya siku moja kwa watu wanne wenye majembe.

Darasani kwenu lijadilini. Siku ya gulio tumeni watu wawili wakae mpaka jioni, wahesabu matenga ya majani, maganda na mabua yanayobaki, na wafuate waone yanapelekwa wapi. Waulize pia wenye gereji na mafundi redio betri zao zilizokufa wanaziweka wapi. Waandike majibu katika daftari, wayasome kwa sauti mbele ya darasa, halafu mumwite mwenyekiti wa kijiji na bwana shamba wasikie. Waulizeni shimo la pili litachimbwa upande gani wa gulio, mbali na kisima, na ni nani atakayelipwa kulichunga.